Miguu ya Wazee Hutengenezwa Jikoni

Ninyi vijana mnaoajiriwa kupikia wagonjwa, na ninyi wajukuu zangu ambao mtanisoma hata kama hamtaki kupika, hamjambo. Naitwa Prisca Nekesa. Kazini waliniita Mukenya, kwa sababu nilitoka Busia ya upande wa Kenya. Nilikuja Kampala vita vilipokwisha, nikimfuata mume wangu aliyekuwa fundi wa reli. Tulipewa chumba na nusu katika nyumba za reli kule Nsambya. Ile nusu ilikuwa baraza tuliyoizungushia mabati. Yeye alikuwa na kazi, mimi nilikuwa na ufagio, na baada ya miezi mitatu ya kufagia chumba na nusu nikaona nitapata wazimu.

Nikapata kazi katika nyumba ya wagonjwa. Haikuwa hospitali kamili. Hospitali zilituletea watu waliokwisha kutibiwa mifupa, ambao hawakuwa wagonjwa tena, ila wazima nao hawakuwa. Vitanda ishirini na viwili, jiko la kuni nyuma, vyoo vya shimo mwisho wa ua. Nyumba ile ilifungwa zamani na mahali pake sasa wanauza matairi. Nilipika pale mpaka nywele zangu zikawa nyeupe, na wengi niliowapikia walikuwa wazee.

Mkubwa wetu jikoni alikuwa Nalongo. Hilo ni jina la heshima ambalo Waganda humpa mama aliyezaa mapacha, na mimi sikuwahi kujua jina lake jingine. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuvuka barabara. Kiswahili alikiokota sokoni Nakivubo, na kwake l na r zilikuwa herufi moja. Sasa fikirieni. Wakati wa kampeni za uchaguzi, redio inahubiri kura mchana kutwa, Nalongo anaingia wodini na sinia la chakula na kupaza sauti, "Wazee, kura! Kura yote, usibakize!"

Mzee mmoja aliyefungwa mguu akamjibu, "Nalongo, kura yangu ni siri."

Wodi nzima ilicheka. Mwenye mguu alicheka mpaka akaushika kwa maumivu. Nalongo hakuelewa kilichowachekesha, akadhani wamefurahia mchuzi, akawaongezea.

Nilianza kazi nikiwa na ujinga mmoja ambao nauona hata leo kwa wapishi wengi. Nilidhani mzee hahitaji chakula kizito. Mtoto anakua, kwa hiyo apewe mayai na nyama. Mzee amekwisha kukua, apewe uji mwepesi, chai na ndizi laini, atosheke. Wiki yangu ya kwanza niligawa hivyo. Nyama ikaenda kwa vijana waliovunjika katika ajali za pikipiki, wazee wakapata supu iliyopita karibu na nyama. Nalongo akanitazama mpaka nikamaliza, halafu akaniita pembeni.

"Mukenya, kuja. Mutoto najenga nyumba, sivyo?"

"Ndiyo, Nalongo."

"Na muzee, nyumba yake nabomoka kira siku. Sasa wewe matofari napereka kwa nani peke yake?"

Siku ya pili nikawapa wazee nyama, vipande vizuri vya ukubwa wa kidole gumba, nikajisifu. Jumamosi tukabadilisha shuka. Chini ya godoro moja nilikuta vipande saba vya nyama vilivyofyonzwa na kutemwa, vimekauka kama gome la mti. Mwenyewe alikuwa na meno matatu. Aliona haya kusema, akawa anaficha. Kumpa mtu chakula asichoweza kukitafuna ni kumnyima huku unamtazama usoni. Kuanzia siku hiyo tukawa na kinu mle jikoni, na nyama ya wasio na meno ilitwangwa ikiisha kuiva, ikarudishwa kwenye mchuzi wake.

Aliyenifundisha zaidi ya hao wote ni Afande Olum.

Alikuwa sajini mstaafu wa polisi, mtu wa kaskazini, mrefu kama mlango. Aliishi na mwanawe kwenye nyumba za polisi Nsambya. Mwana naye alikuwa polisi, na wakati huo alikuwa amehamishiwa mbali, kwa hiyo nyumbani palibaki mzee, wajukuu, na mkaza mwana wake aliyeitwa Santa. Afande aliteleza barazani siku ya mvua, akavunjika nyonga. Hospitali walimuunga kwa chuma, mfupa ukashika vizuri. Lakini alipoletwa kwetu alikuwa hawezi kuinuka kitini. Alivaa shati lake la zamani la kazi, na mabega ya shati yalining'inia chini ya mabega yake. Mapaja yake yalikuwa membamba kuliko mikono yangu, na mimi sikuwa mnene.

Daktari wetu alikuja kila Jumatano. Alimshika Afande paja, akasema mbele ya Santa, "Mfupa ni mzima. Misuli ndiyo imekwisha. Nampa wiki sita. Asipoweza kwenda chooni peke yake, tutamrudisha nyumbani, kitanda kipate mwingine."

Sote tulijua maana yake. Mzee anayerudishwa nyumbani kulala, hulala kabisa. Nilimwona Santa akishika pindo la kitenge chake na kulikunja vidoleni. Alikuwa binti wa miaka ishirini na tano hivi, na watoto wadogo watatu.

Mazoezi yalikuwa mikononi mwa Musa. Huyu alikuwa mtu wa Kisenyi, Mwislamu mtaratibu, aliyesomea kazi ya viungo. Wagonjwa walimwita Musa Simama, maana neno lake la kwanza asubuhi lilikuwa hilo kabla hata ya salamu. Alimkalisha Afande kwenye kiti, akamwambia ainuke. Siku ya kwanza aliinuka mara mbili, kwa kujisukuma na mikono. Wiki ya kwanza ikapita, mara mbili. Wiki ya tatu ikaingia, mara mbili, na sasa alitetemeka kama mwenye homa.

"Anakula?" Musa aliniuliza.

"Sahani yake inarudi safi hata huhitaji kuiosha," nikamjibu, tena kwa maringo. Nilimpa mayai mawili asubuhi, mchuzi wa maharagwe mchana, nyama iliyotwangwa jioni, maana naye meno hakuwa nayo. Hakuna aliyekula kama yeye.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mzee Kaggwa, fundi cherehani aliyevunjika mkono. Asubuhi moja nikampelekea chai nikaona vifungo vya shati lake havifiki kwenye matundu.

"Mzee Kaggwa, shati limekuwa dogo?"

"Nyabo," akaniita, yaani mama kwa Kiganda, "ni sabuni yenu. Inakunja kitambaa."

"Sabuni imekuongezea na shingo?"

Alitazama chini, akatazama kitanda cha Afande, ambaye wakati huo alikuwa nje na Musa. Kisha akanong'ona, "Nyabo, si kosa langu. Afande aliniamuru. Alisema, kula hii, ni amri. Afande akikuamuru, wewe utafanyaje?"

Wiki tatu! Mayai yangu, nyama yangu, kutwanga kwangu kote kulikuwa ndani ya shati la Mzee Kaggwa. Vijana, hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniumiza. Sikungoja hasira ipoe. Afande aliporudishwa wodini nikasimama katikati ya vitanda, mwiko mkononi.

"Afande! Mimi naamka alfajiri kukupikia, kumbe nampikia Kaggwa! Kama hutaki kupona sema, kitanda hiki wapo wanaokililia!"

Hakuna aliyecheka. Afande alijilaza polepole, akageukia ukuta. Jioni sahani yake ilirudi imejaa. Kesho yake ikarudi imejaa, pamoja na kikombe cha chai kilichoingia utando. Hata Kaggwa aliogopa kukigusa.

Nikamweleza Nalongo, nikitumaini ataniunga mkono. Alikuwa anamenya ndizi za kupika, akaendelea kumenya.

"Uriuliza kwa nini hakuri?"

"Hapana."

"Basi wewe umepiga kerere tu. Mudomo yako iko mbio kuriko kisu yangu."

Kisu chake kilikuwa na mbio kweli.

Asubuhi iliyofuata, Nalongo alivua aproni, akaenda wodini mwenyewe. Nilimfuata kwa nyuma. Akasimama kando ya kitanda cha Afande, akasema bila salamu ndefu, "Afande, jikoni yangu kuna shida. Naretewa gunia ya maharage, ndani mawe mengi najificha. Mimi nataka porisi wa kupekua."

Nalongo akangoja. Baadaye sauti ikatoka kule ukutani, "Gunia ngapi?"

"Moja. Rakini ni jambazi kabisa."

Musa alimleta jikoni kwa kiti cha magurudumu. Tulimweka kwenye benchi, ungo mapajani, bakuli la mawe upande huu. Alipekua yale maharagwe kama anatafuta bastola. Kila jiwe aliliinua kwenye mwanga, akalitazama kidogo, akaliangusha bakulini likalia. Nalongo akakumbuka ghafla kwamba ana jambo la kufanya stoo, tukabaki wawili.

"Afande," nikasema, "nilikuvunjia heshima mbele za watu. Naomba unisamehe."

Aliangusha mawe mawili kabla ya kujibu. "Mama, wewe ulisema kweli. Kitanda ni ya mtu anataka kupona."

"Na wewe hutaki?"

"Nataka." Akaangusha jiwe la tatu. "Sikia. Siku nilitoka hospitali, kabla ya kuletwa hapa, nilienda choo pale nyumbani. Kuchuchumaa niliweza. Kuinuka nikashindwa. Nilikaa pale mpaka miguu ikakufa ganzi. Nikaita. Sasa nyumbani iko nani? Iko Santa tu na watoto. Santa akaingia. Mke ya mtoto yangu, Mama. Suruali iko chini, yeye ananishika hapa, ananiinua kama mtoto mchanga. Yeye analia, mimi nalia. Kutoka siku hiyo nikasema, basi. Kitu haijaingia, haiwezi kutoka."

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu na maji yalichemka, lakini sikuweza kugeuka kuyaangalia. Mtu huyu alijinyima chakula ili asiende chooni. Kwa kujinyima, misuli ikaliwa na mwili wenyewe. Misuli ilipokwisha, choo kikawa kigumu zaidi, naye akazidi kujinyima. Na mimi nilimsimamia na mwiko na kumpigia kelele.

"Na hapa kwetu?" nikauliza.

"Hapa ananipeleka Musa. Musa ni mtu mzuri. Lakini hata yeye ni sawa na mtoto yangu."

Nalongo alirudi kutoka stoo haraka mno kwa mtu aliyekuwa na shughuli. Macho yalikuwa mekundu na alisema ni moshi. Musa alipoelezwa alijipiga paji la uso. Mchana huohuo akaja na kamba, akampima Afande kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, kama fundi nguo, akashuka Kisenyi kwa seremala anayemjua. Jioni ya pili alirudi na kiti cha mbao ngumu, chenye tundu katikati na mikono miwili ya kushikia. Tukakiweka juu ya shimo la choo cha mwisho. Afande akapelekwa kukikagua. Alikitikisa mikono, akagonga miguu ya kiti kwa fimbo, halafu akauliza swali moja tu.

"Mlango inafunga na ndani?"

"Kwa ndani, Afande," akasema Musa. "Nimetia komeo jipya."

Siku iliyofuata alikula. Kidogo, lakini mbele ya macho yetu, na Kaggwa akalazimika kurudia chakula chake cha kawaida kwa huzuni kubwa.

Sasa nieleze tulichompa, maana hapa ndipo kazi ilipo. Zamani tulikuwa tukiweka kitu kizuri chote jioni. Asubuhi chai na mkate, mchana ndizi na mboga, jioni ndiyo nyama. Musa alituambia kwamba mwili wa mzee hauwezi kuweka akiba ya protini kama stoo inavyoweka maharagwe. Ni heri apate kidogo asubuhi, kidogo mchana, na kidogo jioni. Nalongo aliita kitu hicho "porotini" na alilipenda neno hilo. Kwa wiki nzima aliwauliza wagonjwa kama porotini yao imefika. Basi asubuhi Afande alipata uji wa ulezi uliopikwa kwa maziwa, yai limevurugwa ndani ungali moto. Mchana maharagwe yaliyopondwa na kupitishwa kwenye chujio ili maganda yasimsumbue tumbo. Jioni mukene, wale samaki wadogo ambao kwetu Kenya tunawaita omena, wamekaangwa kidogo, wametwangwa unga, wakaingia kwenye mchuzi wa karanga. Katikati ya siku papai na maji ya kutosha, kwa sababu tumbo gumu ndilo lililomtisha toka mwanzo.

Santa naye akasikia kwamba mzee anakula. Akaja mbio na kopo limefungwa kwa kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikafungua. Ndani kulikuwa na kitu kizito, cha kahawia, kinang'aa mafuta. Mume wangu alikuwa na kopo kama hilo kazini.

"Santa mwanangu," nikasema, "hii grisi ni ya kiti cha magurudumu?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kilikuwa odii, chakula cha kwao, karanga na ufuta vilivyokaangwa na kusagwa pamoja mpaka vikatoa mafuta. Nikaonja kwa ncha ya kidole. Kisha nikaonja kwa kijiko. Afande alipoona kijiko kile kinarudi tena koponi aliuliza kama sasa yeye ndiye Kaggwa au mimi.

Lakini chakula peke yake hakikumsimamisha. Musa alisisitiza sana jambo hilo, na nawaomba mlishike. Misuli ikilishwa bila kufanyishwa kazi hailipi fadhila. Ikifanyishwa kazi bila kulishwa inajila yenyewe, kama tulivyoona zile wiki tatu. Kwa hiyo Musa aliyahamishia mazoezi jikoni. Sufuria la kutia maharagwe aliliweka juu ya meza, mbali kidogo na benchi. Kila Afande alipomaliza kupekua ungo mmoja, ilimbidi asimame mwenyewe akamimine. Ungo mmoja, kusimama mara moja. Nalongo alitafuta nyungo ndogo kuliko zote Nakivubo.

Mara mbili zikawa nne. Nne zikawa saba. Alianza kwa kusukuma benchi kwa mikono miwili, akaja kwa mkono mmoja. Kuna siku alirudi nyuma, miguu ikagoma kabisa, akatukana kwa lugha yao na Santa akaziba masikio ya mtoto. Musa akampa pumziko la siku moja, akamrudisha kwenye benchi.

Wiki ya tano, siku ya Ijumaa, nilikuwa nageuza mukene. Nikasikia Nalongo akisema, "Eh!" Nikageuka. Afande alikuwa amesimama, amefika mezani. Ungo ulikuwa mikononi mwake, maana yake mikono haikushika benchi. Yeye mwenyewe ndipo alipogundua. Akatazama ungo, akatazama miguu yake, akarusha mikono juu kwa furaha, na kiwiko kikagonga lile sufuria. Maharagwe ya watu ishirini na wawili, yaliyokwisha kupekuliwa, yakamwagika sakafuni mpaka chini ya kuni.

"Afande! Chakura ya watu!" Nalongo akapiga yowe.

"Nimesimama, Nalongo."

"Umemwaga!"

"Nimemwaga nikiwa nasimama."

Nalongo akapiga magoti katikati ya yale maharagwe akaanza kupiga vigelegele. Wagonjwa wenye magongo wakaja mlangoni kuona kuna nini. Siku hiyo wote walikula mukene. Na Afande akapewa maharagwe yale yote ayapekue upya, ungo kwa ungo, mpaka jua likaelekea kuzama.

Jumatano ya mwisho ikafika. Daktari alikuja, na Santa alikuja, amevaa gauni la kanisani. Nilimwona alivyokaa kwenye ukingo wa kiti, tayari kuruka.

"Haya, Afande," daktari akasema. "Choo kiko kule."

Afande akainuka. Santa naye akainuka palepale, mikono imenyooshwa mbele, bila yeye kujijua.

"Santa," akasema mzee, kwa upole sana. "Kaa, mwanangu."

Akakaa. Afande akachukua fimbo yake, akavuka ua. Kutoka jikoni hadi choo cha mwisho ni hatua arobaini, nilizihesabu mara nyingi kwa miguu yangu. Alikwenda kama mtu anayekagua gwaride. Tukasikia mlango, tukasikia komeo. Halafu kimya.

Kimya kikawa kirefu. Daktari akatazama saa. Musa alikuwa anasogea hatua moja, anarudi, anasogea tena. Kaggwa, aliyekwisha ruhusiwa na kurudi makusudi kushuhudia, alikuwa anasali kwa sauti ya chini. Santa alifumba macho. Nalongo alishika mwiko uliodondosha mchuzi kwenye kiatu chake na hakuona.

Komeo likalia. Mlango ukafunguka. Afande akatoka, akasimama, akaweka mkanda wake sawa, taratibu, tundu baada ya tundu. Ndipo akainua kichwa akatuona wote tumepangana uani tukimkodolea macho.

"Nyinyi wote," akasema, "leo hapana kazi?"

Kabla sijasema alivyoondoka, nikiri jambo langu. Mtu aliyejifunza yote haya hakupaswa kuanguka. Lakini miaka mingi baadaye mume wangu alifariki, na watoto walikuwa wamekwisha kwenda kwao. Nilizoea kupikia watu ishirini na wawili, sikujua namna ya kumpikia mmoja. Nikawa nakunywa chai na mkate asubuhi. Mchana chai. Jioni nikijihurumia, chai na mkate. Sikuwa na njaa, au nilidhani sina. Siku moja kule Nakivubo nilitaka kuingia duka la vitambaa lenye ngazi tatu, nikapanda ya kwanza, ya pili ikanishinda. Mwenye duka alikuja kunishika kiwiko na kuniita bibi. Nilinunua kitambaa nisichokihitaji kwa sababu ya aibu.

Nilirudi nyumbani nikachemsha mayai mawili, nikayala nimesimama, nalia na kucheka. Halafu nikaketi kwenye kiti na kuinuka bila mikono. Nilifaulu mara tatu. Leo nainuka mara ishirini kila asubuhi kabla ya uji, na uji wangu una odii. Duka lile naingia na kutoka, sinunui kitu. Wenye maradhi ya figo wamuulize daktari kwanza kabla ya kuongeza nyama na mayai, kwa sababu figo mbovu ina sheria zake. Sisi wengine tusijidanganye kwamba uzee ni wakati wa kuishi kwa chai. Na mkimwona mzazi wenu anakula kidogo, msimpigie kelele. Mkae naye, mmpe kazi ya mikono, mumuulize polepole. Huenda ni meno, au mlango usiofungika kwa ndani.

Basi Afande aliruhusiwa siku ileile. Seremala wa Kisenyi alikuwa amekwisha kutengeneza kiti cha pili kwa ajili ya nyumbani, na Santa alikibeba kichwani, ameshika nguo za mzee mkononi. Daktari alisema watafutiwe gari. Afande akakataa, akasema Nsambya si safari. Akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Alipofika kwa Nalongo alipiga saluti. Tukawatazama wakitoka getini, mzee mbele na fimbo yake, Santa nyuma na kiti cha choo kichwani, anatembea kwa madaha kama kabeba sanduku la bibi harusi.

Tukarudi jikoni. Palikuwa pamepoa. Benchi lilikuwa tupu, nikajifanya nafuta meza.

Saa nzima haikupita, nikasikia fimbo uani. Afande alikuwa mlangoni, peke yake, anahema, jasho limemlowesha shati. Mkononi alishika furushi la karatasi lililoingia mafuta. Alikuwa ameshuka mpaka kwa wachoma nyama wa chini barabarani, akapanda kilima tena. Alimwacha Santa anamngoja kivulini, kiti kimekuwa kiti chake.

"Nalongo," akasema, "nilipita pale, hii nyama ikanuka vizuri. Nikanunua. Nikaweka ndani ya mdomo, nikakumbuka meno sina."

Nalongo alichukua kinu, akakisuuza, akapokea lile furushi.

"Kaa hapo kwanza, Afande," nikamwambia, nikimsogezea benchi.

Hakukaa. Alisimama pale mlangoni, mikono nyuma, mpaka nyama ikalainika.